KUSOMA BIOLOJIA MPAKA DOKTORA: NI KAZI YA NAMNA GANI?



Tangu sisi wa darasa la sita tuanze kuandika majina ya masomo tunayotaka kufuata nyuma ya diploma, wadogo zetu wanatuulizaka swali moja: "Biolojia ni ya nini? Si ni ya wale waliokosa nafasi katika uganga?" Na si wadogo peke yao. Baba mmoja alimwambia mtoto wake, mwenzetu wa darasa, mbele yetu sisi wote: "Miaka kumi ya kuhesabu majani, kiisha utaniletea nini?" Tulicheka, lakini swali lile ni la haki, nalo linapashwa kujibiwa. Ndiyo sababu tunaandika somo hili. Hatusemi kila mtu afuate biolojia. Tunataka tu mtu asiiache bila kuijua, wala asiingie mule akifikiri ni kitu kingine.

Kwanza ngazi zake. Zamani katika inchi yetu mtu alisoma gradua miaka 3, kiisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 iniversite zetu zimeingia katika mpango unaoitwa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, halafu doktora, ambayo kwa karatasi ni miaka 3 lakini mara nyingi inapita pale. Lisansi ingali darasa sawa vile tunavyolijua: mwalimu anafundisha, wewe unaandika, unarudisha ku mtihani. Masta inaanza kubadilika, kwa maana sehemu kubwa iko kazi yako mwenyewe, unayoiandika katika kitabu kinachoitwa memwari. Doktora njo kitu kingine kabisa. Pale hakuna tena mwalimu wa kukupa noti. Kuko promotere, ni kusema profesa anayekuongoza, kuko wewe, na kuko swali ambalo hakuna mtu aliyekwisha kulijibu.

Angalieni vizuri neno hilo la mwisho. Katika mtihani wa Serikali, yule aliyeandika swali anajua jibu lake. Ku teze ya doktora hata promotere hajui jibu. Kama anajua, si teze.

Tuchukue mfano wa karibu. Wengi kati yetu tulishapita Epulu ndani ya kamyo, tukaangalia daraja na mto, tukanunua ndizi, kiisha tukaendelea na safari. Pale Epulu njo moyo wa Hifadhi ya Okapi, iliyofanywa mwaka 1992, yenye zaidi ya kilometre za mraba 13,000. Unesco iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1996. Basi katika pori lile kuko pahali ambapo watu wanafanya kazi ambayo msafiri wa kamyo hawezi kuidhania. Tangu mwaka 1994 walipima sehemu nne za pori, kila moja hektari 10, na ndani yake kila mti wenye upana wa sentimetre 1 na zaidi ulipimwa, ukapewa namba, ukaandikwa jina lake na pahali unaposimama. Sentimetre 1! Ni kijiti chembamba kuliko kidole chako. Wanapima upana kwa urefu mmoja, metre 1 na sentimetre 30 toka udongo, ili mpimaji wa leo na mpimaji wa miaka ijayo wasipime fasi mbili mbalimbali. Miaka inapita, wanarudia. Mti uliokufa unaandikwa umekufa, na ule mupya unapata namba yake.

Mmoja wa watu wa kazi ile ni Corneille Ewango. Alisoma biolojia ku Iniversite ya Kisangani, ile ambayo Waprotestanti waliianzisha mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo. (Wanafunzi wa shule yetu wachache wanajua jambo hili, na ni aibu kidogo.) Mwanzo alitaka kuwa munganga wa wagonjwa. Kwa hiyo, wadogo zetu, hatuwezi kuwadanganya: ni kweli kwamba watu wengine wanaingia biolojia kwa mlango ambao hawakuuchagua. Lakini mlango si nyumba.

Toka 1996 mpaka 2003 yeye njo alikuwa na kazi ya mimea katika Hifadhi ya Okapi. Ilionekana mule aina 600 za miti na aina 270 za kamba za pori, zile ambazo vitabu vinaziita liana. Miaka ile, sisi hatujazaliwa, lakini wazazi wetu wanaijua: ni miaka ya vita. Waaskari walipofika, wafanyakazi wengi walikimbia, na haki yao. Ewango alibaki. Mimea iliyokaushwa aliipeleka Uganda. Kompyuta na karatasi za hesabu alizificha katika nyumba za wenzake. Yeye mwenyewe alijificha ndani ya pori karibu miezi mitatu. Mwaka 2005 alipewa zawadi ya Goldman, ambayo inapewa watu wanaolinda mazingira, naye alikuwa angali mwanafunzi wa masta kule Missouri, Marekani. Alimaliza masta 2006. Doktora aliitetea Wageningen, Uholanzi, mwaka 2010.

Sasa, teze yake ilisema nini? Hapa njo tunataka mkae kidogo, kwa maana magazeti yanapenda kuhadisia vita na kuacha kazi yenyewe.

Alichukua kamba za pori katika hektari 20, zote zenye upana wa sentimetre 2 na zaidi. Walikuwa wamehesabu kamba 15,008, za aina 195. Gawanyeni wenyewe: ni karibu 750 kwa kila hektari. Hiyo ni hesabu ya mwaka 1994. Mwaka 2001 zilibaki 547 kwa hektari. Mwaka 2007 zilibaki 499. Katika miaka 13 kamba moja juu ya tatu ilitoweka, na hakuna mtu aliyezikata. Kupotea kule kulikuwa zaidi kwa aina moja, Manniophyton fulvum. Jina hilo linatisha, lakini Wambuti wanaijua kamba ile vizuri: nyuzi zake njo wanasukia nyavu za kuwindia.

Juu ya nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu katika mapori ya Amerika ya Kusini wachunguzi walikuwa wameona kinyume: kamba zinaongezeka, zinabana miti. Kama tungesoma vitabu vya kule tu, tungefundishwa kwamba ku Ituri pia zinaongezeka, nasi tungeandika hivyo ku mtihani na kupata alama zetu zote. Pori la kwetu lilisema ingine. Lakini lilisema kwa sababu mtu alilihesabu.

Tena angalieni ile miaka mitatu: 1994, 2001, 2007. Ile ya katikati iko ndani ya vita. Kama karatasi za 1994 na za 2001 zingechomwa kwa kupikia chakula cha waaskari, 499 ya mwaka 2007 ingebaki hesabu tu, haina kitu cha kuilinganisha nacho. Mtu aliyeficha karatasi chini ya paa la nyumba aliokoa teze ambayo ilikuwa haijaandikwa bado. Nasi hapa tunatupaka kayee za mwaka uliopita kwa mama muuza karanga!

Mazungumzo haya yanatufikisha ku neno lenyewe, uchunguzi. Mwenzetu mmoja alisema: "Lakini Wambuti walijua kamba zao kabla ya doktora yoyote. Mchunguzi anaongeza nini?" Tulibishana usiku mmoja mzima mule dortwari, mpaka surveyan akazima taa. Jibu tulilipata katika habari ya nyani mmoja.

Mwezi wa 6 mwaka 2007 wachunguzi waliokuwa wanazunguka pori la Lomami walifika Opala. Kwa nyumba ya mkurugenzi wa shule ya msingi waliona nyani mdogo amefungwa, uso wake kama wa mtu mwenye huzuni, macho makubwa. Walishangaa. Watu wa pale hawakushangaa hata kidogo: wanamuita lesula, na wawindaji wanamjua siku zote. Basi kwa nini jina lake la kisayansi, Cercopithecus lomamiensis, lilitoka tu mwezi wa 9 mwaka 2012? Miaka mitano walifanya nini? Walikusanya ngozi na mafuvu. Walilinganisha damu, ni kusema alama za uzazi zinazoitwa jene, na zile za nyani wa jamaa yake anayeishi ngambo ingine, anayeitwa hamlyni. Walisikiliza sauti ya dume asubuhi mapema. Walipima anaishi toka mto gani mpaka mto gani. Nyuma ya hayo yote, mtu wa Japani au wa Brazili ambaye hataona Opala hata siku moja anaweza kuangalia ushuhuda, akakubali ao akakataa. Muwindaji anajua kwa ajili yake na watoto wake. Mchunguzi anapashwa kujua kwa namna ambayo mtu asiyemuamini anaweza kumpima. Hatusemi wa kwanza ni mujinga. Bila yeye wa pili asingefika Opala. Mwaka 2016 pori lile likawa Parke ya Taifa ya Lomami, na nyani yule yumo ndani ya sababu zake.

Kwa wale wanaosema "mimi nataka uganga tu, mambo ya miti hayanihusu", tuna mfano mwingine. Profesa Jean-Jacques Muyembe ni munganga, lakini hakuishia pale: mwaka 1973 alipata doktora ya uchunguzi wa virusi kule Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976 alifika Yambuku wakati wa ugonjwa usio na jina, na damu aliyoitoa kwa mgonjwa ilipelekwa Antwerpen. Ugonjwa ule njo Ebola. Miaka mingi nyuma, mwezi wa 11 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 8 mwaka 2019, dawa nne zilijaribiwa Beni, Katwa, Butembo na Mangina, kwa wagonjwa 681. Kila mgonjwa alipata moja ya dawa nne kwa kura, si kwa uso wake, wala kwa jamaa yake. Watu wengi wa Beni walikasirika juu ya kura ile, na tunaelewa. Lakini bila kura, waganga wangepatia dawa wanayoiamini wale wenye nguvu, na dawa ingeonekana nzuri bure. Kwa kura ilionekana wazi: waliopata dawa ya kulinganishia walikufa karibu 50 kwa 100, waliopata mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, walikufa 35 kwa 100. Tofauti ile, 15 kwa kila watu 100, ni watu wa kwetu. Mwenye kujua kutibu tu hawezi kuiona. Inaonwa na mwenye kujua kulinganisha.

Haya, turudi kwa baba yule na miaka yake kumi. Hesabu yake si mubaya. Lisansi 3, masta 2, doktora 3 mpaka 5, na katikati unangojea. Katika iniversite zetu aliyefaulu vizuri anaweza kuchukuliwa kuwa asistanti, kiisha shefu wa kazi, na bila doktora hawezi kuwa profesa. Wengi wanakaa asistanti miaka na miaka kwa sababu uchunguzi unaomba feza: safari, chakula cha wasaidizi, dawa za laboratwari, kompyuta. Mshahara hautoshi kwa hayo. Kwa hiyo wengi wanatafuta buruse. Za Ubelgiji zinapitia ARES na VLIR-UOS. Kuko pia shule ya ERAIFT, Kinshasa, iliyoanza 1999, inayopokea watu wa inchi mbalimbali za Afrika kwa mambo ya pori na udongo. Kule Marekani iniversite nyingi zinalipa mwanafunzi wa doktora ya biolojia kwa kazi ya kufundisha vijana wa chini ao ya kusaidia katika laboratwari, na masomo anasamehewa, lakini inaweza kupita miaka 5. Huko Ulaya ni miaka 3 ao 4, na masta inapashwa kuwa tayari mkononi.

Kwa kila njia wataomba mambo matatu ambayo sisi hapa tunayacheza. La kwanza ni Kiingereza, kwa kuwa habari za uchunguzi karibu zote zinaandikwa katika luga hiyo. Wale wanaolala katika saa ya Kiingereza siku ya tano nyuma ya chakula, wanajijua. La pili ni hesabu, zaidi ile ya statistiki. Watu wanakimbilia biolojia wakikimbia hesabu, kiisha wanaikuta inawangojea ku mlango. La tatu ni barua ya mwalimu aliyekuona ukitumika, si aliyeona alama zako tu.

Neno kwa dada zetu. Kati ya wasichana wa darasa letu hakuna hata mmoja aliyeandika biolojia, na tulipouliza walisema: "Pori, nyoka, na nani ataniowa?" Juu ya nyoka hatuna jibu. Juu ya mengine, wamuangalie Wangari Maathai wa Kenya. Alipata masta ya biolojia Pittsburgh, Marekani, mwaka 1966, na doktora Nairobi mwaka 1971, mwanamuke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Uchunguzi wake ulikuwa juu ya mwili wa nyama wa kufuga. Hata pori halikuwamo. Dunia ilimjua nyuma, kwa miti aliyoipandisha na wanamuke wa vijiji, na zawadi ya Nobel mwaka 2004.

Tena kuko sababu ingine inayotuuma sisi wengine. Mtu akitaka kujua jina la mti wa Kongo, mara nyingi anapashwa kwenda Meise, Ubelgiji, ambako kuko mimea iliyokaushwa karibu milioni 4, sehemu kubwa yake toka Afrika ya Kati. Hapa inchini Yangambi inalinda karibu 150,000, na hiyo ni mali kubwa. Wazungu hawakutuibia majani, yangeoza. Walifanya kazi, wakaandika. Lakini nani ataandika yale ambayo hayajaandikwa? Wakati pori linakatwa kwa makala, mti unaweza kutoweka kabla ya mtu yeyote kuuhesabu.

Sasa kazi yenyewe, kwa anayetaka kuonja. Haiombi feza.

Nyuma ya kiwanja cha mpira kuko pori dogo lisilolimwa tangu miaka mingi. Tutapima mule mraba wa metre 1 kwa 1, na kuandika kila aina ya mmea tunayoiona. Hata usipojua jina, iite A, B, C, na utie jani lake kati ya karatasi za gazeti la zamani, uandike siku, pahali, urefu wake, rangi ya ua, na jina katika luga ya kwenu. Kiisha tunaongeza mraba uwe metre 2 za mraba, halafu 4, 8, 16, 32, na kila mara tunaandika tu aina mupya. Mwanzo zitakuja nyingi. Nyuma zitapungua. Mkichora ku karatasi, upana chini na hesabu ya aina kwa kando, mstari utapanda mbio, kiisha utaanza kulala. Pale unapolala njo panaonyesha ukubwa wa mraba unaotosha kwa pori lile. Wachunguzi wa kweli wanaanza vile vile, na kosa kubwa la wanaoanza ni kuchagua fasi nzuri ya kupima. Msichague. Tutatupa kijiti tukifunga macho, na pale kinapoanguka tutaanzia, hata kama ni ndani ya majani yenye kuwasha.

Mwalimu wa biolojia amekubali kuja. Tunakutana siku ya posho, saa nane, ku mlango wa laboratwari. Kila mtu alete kayee na kalamu ya mti, kwa maana wino unafutika mvua ikinyesha. Asiye na metre alete kamba ya metre 4, yenye fundo kila nusu metre. Karatasi za hesabu zitabaki katika kabati ya darasa la sita, na wa darasa la tano watapewa ufunguo, ili warudie mraba ule ule mwaka ujao.

Kapita wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa darasa la 6 Biolojia-Kemia